Tujiulize nani atakesha na seva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uamuzi ambao ofisi nyingi huufanya kwa pupa: mazungumzo ya wafanyakazi yakae kwenye seva (kompyuta inayohifadhi na kusambaza ujumbe) ya ofisi yenyewe, kwa programu huria, yaani ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, kama Mattermost, Rocket.Chat au Zulip, au yakabidhiwe huduma ya wingu kama Slack, ambako ujumbe hukaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine.

Wanaotetea seva ya ofisi wana hoja nzito. Mwaka 2022 Slack iliwawekea watumiaji wasiolipa kikomo cha kuona ujumbe wa siku 90 tu, na tangu 2024 ujumbe wao uliopita mwaka mmoja hufutwa kabisa. HipChat, huduma nyingine ya mazungumzo ya kikazi, nayo ilifungwa mwaka 2019, wateja wake wakalazimika kuhama. Serikali ya Ufaransa, kwa kutotaka kutegemea kampuni za nje, iliwaundia watumishi wake programu ya mazungumzo iitwayo Tchap, inayotumia mfumo huria wa Matrix.

Lakini serikali ina wataalamu wa kuihudumia seva usiku na mchana. Sisi, ofisini kwetu tulikoweka seva yetu wenyewe, hatukuwa nao. Asubuhi moja ujumbe ulikataa kwenda, na tulipochunguza tukakuta diski imejaa picha na video zilizotumwa kwa miezi kadhaa, hifadhidata imeharibika, na nakala rudufu tuliyoitegemea ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Kijana aliyeisimika seva alikwishahama kazi, naye ndiye pekee aliyekuwa na nenosiri la msimamizi. Tulipoteza makubaliano na mteja ambayo hatukuwa tumeyaandika popote pengine, jambo linaloniuma hadi leo.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba ofisi isiyo na watu wawili wanaoijua seva vizuri, na isiyojaribu mara kwa mara kurejesha nakala zake kwenye mashine nyingine, ni heri ilipie huduma ya wingu. Hata hivyo, kabla ya kusaini mkataba iulize inaruhusiwa kupakua nini, kwa kuwa katika vifurushi vya chini vya Slack, kwa mfano, mwenye akaunti hupakua kwa kawaida mazungumzo ya vikundi vya wazi tu, wala si yale ya faragha, ambako mara nyingi ndiko maamuzi ya fedha na ajira hufanyika. Ofisi ikishindwa kupata jibu la maandishi kuhusu hilo, itafute huduma nyingine.

Msomaji wako