Shule zinafungua, tuwaandae watoto

Wazazi wenzangu habari za jioni, poleni na majukumu. Shule ndo zinafungua na najua wengi bado tunahangaika na sare na kaunta buku huko Majengo na Sabasaba, ila jamani tusimsahau mtoto mwenyewe. Likizo nzima analala saa 5 usiku na katuni zake, sasa umwamshe saa 11 alfajiri ghafla si atalia tu, uji hanywi na darasani anasinzia. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa alale masaa 9 hadi 12, so tuanze leo kumrudisha kitandani mapema kidogo kidogo, na simu zetu tukae nazo wenyewe.

Wenye watoto wa darasa la kwanza, tafadhali sana, mvalishe ile kaptula mpya hapo nyumbani afungue kifungo na zipu mwenyewe. Kifungo kipya kinakuwa kimekaza mno na mtoto anaona aibu kumwambia mwalimu, matokeo yake anajikojolea halafu kesho yake shule haitaki tena, na sisi tunaanza kumuita mtukutu wakati maskini kaumia.

Mvua nazo ndo hizi, mwambieni korongo likijaa asivuke hata kama wenzake wanavuka, asubiri mtu mzima.

Mwenye sare zilizombana mwanae na bado nzima azitupie picha hapa, kuna wenzetu zitawafaa.