Mimba ikionekana, sumu ya risasi imeshaingia mifupani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee wanawake wanaofanya kazi kwenye karakana za betri chakavu za magari hapa Dar es Salaam.

Niliifanya kazi hiyo miaka mitatu. Wanaume walipasua betri, sisi tulipanga pleti za risasi (yale madini yaitwayo lead kwa Kiingereza) na kufagia. Tulifagia pakavu, vumbi la kijivu likatanda mpaka kwenye kope. Saa nne chai na chapati vililiwa palepale, mikono tumeifutia kwenye khanga. Jioni, khanga hiyohiyo nilimbebea mwanangu mgongoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Ni sheria nzuri, lakini risasi haisubiri mimba. Ukiivuta au kuimeza na chakula huingia kwenye damu, kisha hukaa mifupani miaka na miaka. Mama akishika mimba, mwili huchota kalsiamu mifupani kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo ikavuka kondo la nyuma. Mimba inaweza kuharibika, presha ikapanda, mtoto akazaliwa njiti au akaathirika ubongo. Sasa binti aliyelivuta vumbi hilo miaka mitano, ukimhamishia stoo mimba ikiwa na miezi minne, umemkinga na nini? Tena wengi huificha, wakiogopa kuambiwa wakapumzike nyumbani bila mshahara.

Wapo watakaosema basi wanawake wasiajiriwe huko. Kampuni moja ya betri Marekani iliwazuia hivyo mwaka 1982, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema ni ubaguzi. Ilisema kweli. Risasi huharibu hata mbegu za mwanamume, naye huibeba nyumbani kwenye ovaroli. Na sisi kodi ya chumba tunailipa kwa kazi hiyohiyo.

Naomba OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wahakikishe wafanyakazi wote, wake kwa waume, wanapimwa kiwango cha risasi kwenye damu na kupewa majibu yao mkononi. Wenye karakana waweke maji na sabuni, mahali pa kulia mbali na vumbi, sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa, na nguo za kazi zifuliwe hukohuko.

Mwenzangu niliyemwacha pale mimba zimemharibikia mara mbili. Kila mara ananiuliza kama ni ile kazi. Sina la kumjibu, maana hakuna aliyewahi kumpima.

Mama wa Tandika,
Dar es Salaam