Kabla ya kiwanda cha magari, tujifunze kuchonga kalibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi wa bajaji hapa Mbagala, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila nikisikia watu wakisema na sisi tujenge kiwanda chetu cha magari nafurahi, ila naona tunataka kuezeka kabla hatujachimba msingi.

Jina bajaji tumelitoa kwa kampuni ya Bajaj Auto ya Pune, jiji la jimbo la Maharashtra, India. Kampuni hiyo ilipata kibali cha serikali cha kuunda skuta na vyombo vya magurudumu matatu mwaka 1959, ikaanza kwa ujuzi wa Piaggio ya Italia. Mkataba ulipokwisha mwaka 1971 hawakufunga mlango. Walitoa skuta yao wenyewe, Chetak, na Wahindi wakaipanga foleni kwa miaka.

Lakini kinachonigusa zaidi ni habari ya majirani zao, Tata, watengenezaji wa malori, enzi hizo wakiitwa Telco. Waliingia Pimpri, pembeni ya Pune, mwaka 1966. Lori la kwanza likatoka hapo mwaka 1977. Miaka kumi na moja! Muda huo walikuwa wakitengeneza vya kutengenezea: mashine, kalibu (yaani umbo la kumiminia au kukandamizia kitu ili kitoke sawasawa), vifaa vya kukandamizia bati, na wakifundisha wanagenzi. Mwaka huohuo wa 1966 ndipo Pune ilipopata pia taasisi ya utafiti na upimaji wa magari, ARAI. Hadi leo, ukitoka Bhosari kwenda Chakan, maeneo ya viwanda ya hapo Pune, viwanda vikubwa vimezungukwa na karakana ndogondogo zinazochonga gia na kusubu aluminiamu. Hizo karakana ndizo ninazozionea wivu.

Mwezi uliopita bajaji ya kijana mmoja ilikufa bushi ya nyuma. Ni kipande cha mpira na chuma, kinaenea kiganjani. Tuliyonunua kwa bei ya chini ilipasuka siku ya tisa, na ya asili haikupatikana mjini wiki nzima. Kijana akakaa bila kazi na tajiri anadai hesabu yake. Nilimtazama anavyoifuta ile bajaji kila asubuhi kana kwamba inatoka, nikaumia sana.

Bushi ile hatujashindwa kuimudu. Mpira tunao, mafundi wa kukereza vyuma tunao. Tunachokosa ni watu wa kuchonga kalibu iliyo sahihi na mahali pa kupimia kitu kilichotoka. Naomba serikali na wenye mitaji wachague spea chache zinazokufa sana, kama bushi, breki shuu, kebo za klachi na gasketi, na vyuo vya ufundi vifundishe vijana kuchonga kalibu zake. Mimi ninalo debe zima la bushi zilizokufa hapa gereji. Atakayetaka kuzipima aje azichukue, sitamtoza kitu.

Fundi bajaji,
Mbagala, Dar es Salaam