Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapiga Chapa na Wenye Steshenari, Tanga

Ndugu wanachama,

Naanza na daftari. Mwezi uliopita niliingia dukani kwa mwenzetu mmoja Ngamiani kuazima wino, nikakuta kaunta buku iko wazi mezani: majina ya wateja, namba zao za NIDA, na pembeni nywila za akaunti zao za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa mtandao, kwa kalamu nyekundu zisipotee. Kijana aliyekuja kutoa kopi ya cheti alikuwa ameiegemea kwa kiwiko. Siku ile nilinyamaza. Leo nasema.

Zamani tulichapa, tukatoa nakala, mteja akaenda nazo masijala kugongewa muhuri. Kanuni za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zimeuhamishia muhuri huo kwenye kompyuta. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, naona wasio na wakili wanazidi kutupigia hodi. Riziki hiyo, sikatai. Ila tukumbuke mipaka: Sheria ya Mawakili, Sura 341, inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Sisi tunachapa alichokuja nacho mteja. Hatumtungii hoja.

Kuna mama alikuja kwangu kutoka Muheza na rufaa ya shauri la Mahakama ya Mwanzo. Siku zake 30 zilikuwa zinaisha siku hiyohiyo, na saa ilikuwa tisa alasiri. Nikaanza kuskani, ukurasa wa saba umeme ukakatika. Tulikaa gizani, yeye na pochi yake mapajani, hadi nilipokata shauri: flashi mfukoni, bodaboda, mpaka kwa mwenzetu Chumbageni mwenye jenereta. Nyaraka zikaingia saa nne usiku. Zilifaa, kwa sababu kanuni inahesabu siku hadi saa sita usiku. Mfumo wenyewe ukigoma siku ya mwisho, mhusika anatakiwa kumwarifu msajili au hakimu mfawidhi kabla ya saa 9:00 alasiri ya siku ya kazi inayofuata, na awe na ushahidi. Basi piga picha ya skrini, saa ionekane. Lakini umeme kukatika dukani kwangu, sitegemei hakimu akuite hitilafu ya mfumo.

Sasa mafaili. Jalada la mahakama lina mwenyewe: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma ziteketezwe kiholela. Nakala zilizobaki kwenye kompyuta zetu nani anazilinda? Mwanachama mmoja aliuza kompyuta kuukuu. Mnunuzi akaiwasha, akakuta mirathi ya jirani yake, mgawo wa kila mtoto umo. Mji huu ni mdogo, mnajua kilichofuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae kupita kazi iliyozileta, na sioni steshenari imesamehewa wapi.

Katibu anataka tutunze mafaili mwaka mzima, maana wateja hupoteza nakala halafu wanarudi kulia kwetu. Nimemwelewa, sijakubali. Pendekezo langu: mteja akabidhiwe faili lake kwenye flashi au baruapepe, asaini kwamba amelipokea, nasi tulifute baada ya siku 90. Nywila aandike mwenyewe, sisi tugeukie ukutani. Kompyuta isiuzwe kabla diski haijatolewa.

Hesabu atasoma mhazini. Ada zimechelewa kama kawaida yetu. Semina ya kuskani haikufanyika kwa kukosa ukumbi.

Tutapiga kura ya siku 90 baada ya chai. Mwenye lile daftari nimeshaongea naye pembeni, na amelileta leo.