YAH: Malalamiko kuhusu ute wa kiungo cha farasi uliooteshwa kwa saa 48 na mfupa uliotiwa formalini

Iringa

Kwa Meneja,
Maabara ya Uchunguzi wa Mifugo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulileta kwenu sampuli za farasi jike wa kilo 450 anayechechemea mguu wa mbele: kipande cha mfupa wa kifundo ndani ya chupa iliyotakaswa, na ute wa kiungo. Kwenye fomu tuliandika kwa herufi kubwa OTESHA FANGASI, pamoja na sababu. Kiungo kilishachomwa sindano za steroidi (dawa za uvimbe zinazopunguza kinga), antibiotiki za wiki tatu hazikusaidia, na eksirei ilionyesha mfupa unaliwa.

Majibu yenu yanasema hakuna kilichoota. Ute mmeuotesha kwenye agari (chakula cha kuoteshea vimelea) ya damu, nyuzi 37, saa 48, sahani ikatupwa. Huo ni utaratibu wa bakteria. Fangasi huoteshwa kwenye agari ya Sabouraud, nyuzi 25 hadi 30, na sahani huangaliwa hadi wiki nne. Baya zaidi, mfupa mmeutumbukiza kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, nayo huua vimelea vyote. Hapo hakuna cha kuotesha tena.

Tunakubali kwamba fangasi wa mfupa kwa farasi ni nadra. Ndiyo maana tuliandika kwa herufi kubwa.

Bila jina la fangasi hatuwezi kuchagua dawa. Fangasi wengi wa aina ya kandida husikia dawa ya flukonazo: miligramu 14 kwa kilo siku ya kwanza, yaani vidonge 42 vya miligramu 150, kisha miligramu 5 kwa kilo, vidonge 15 kila siku kwa wiki nyingi. Akiwa fangasi wa aina ya aspergilasi, flukonazo haimgusi. Fedha zote zimepotea na mfupa unaendelea kumomonyoka.

Kipande kilichomo kwenye formalini msikitupe, tafadhali. Kilainisheni kwa asidi, mkikate, mkipake rangi za kuonyesha fangasi kwa darubini, yaani PAS na ile ya Grocott yenye madini ya fedha, kwani fangasi aliyekufa bado huonekana kwenye tishu. Ute mpya tutautuma kwa basi. Uotesheni kama fomu inavyosema, bila malipo mengine. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku tatu, maana mnyama bado ana maumivu.

Wenu,
Wahudumu wa afya ya farasi,
Iringa.

Nakala: Daktari wa mifugo wa shamba