Barua kwa mwanangu: ile kompyuta yako bado inapokea barua za ofisi

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu mvua ikatike, ila kupanda mwendokasi bado hataki. Kila nikikupigia unaniambia, "Baba nipo kikaoni, nitakupigia," na hupigi. Basi nimekaa nikaandika kama zamani. Mdogo wako atazipiga picha hizi kurasa akurushie.

Ni kuhusu kompyuta yako. Siku ile pale stesheni ya SGR ulinishika mkono ukasema, "Mpe mdogo wangu, afute kila kitu, aanze nayo chuo." Sijaifuta, wala sijampa. Amenuna, lakini chakula anakula.

Jumatano niliichomeka kwenye umeme, maana betri yake ilishakufa, nikaegemeza kioo kwenye kopo la maziwa kwa sababu ya ile bawaba iliyovunjika. Mpaka iwake, chai ilishachemka. Mdogo wako akaiunganisha na bando la simu yake, akabofya alama ya Thunderbird, ile programu ya barua pepe, ili tuangalie kuna nini cha kufuta. Hatukugusa kingine. Barua pepe zikaanza kumiminika: 12, 30, 46. Nikadhani ni zako. Zote ni za ofisi uliyoiacha, zimekuja kwa jina lako, siku kumi baada ya wewe kuaga na kukatiwa keki.

Najua ulikabidhi vizuri. Siku zako 28 za notisi ulizimaliza, ukarudisha kitambulisho, funguo za kabati na mhuri, na hati ya makabidhiano ukanionyesha imesainiwa pande zote mbili. Nilifurahi. Lakini katika hati ile hakuna mstari hata mmoja unaotaja barua pepe. Mimi niliyekaa masijala, kwenye majalada ya ofisi, miaka 31 nikaipitisha kwa macho yangu mwenyewe bila kuliona hilo. Kwa hiyo kosa tugawane.

Nilimwita yule kijana fundi wa mtaa wa pili anieleze, na nilimfanya arudie mara tatu. Kumbe mwaka 2017 kisanduku chako kule kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza barua, kilikuwa kinajaa kila wiki kwa zile hati za mizigo zilizoskaniwa, mtu wa kompyuta wa ofisini akakupangia njia ya POP. Njia hiyo ni kama tarishi anayekwenda Posta, anafungua sanduku, anabeba barua zote kuja nazo nyumbani. Ya kwako imewekewa kwamba nakala ibaki kwenye seva siku 14, halafu ifutwe. IMAP ni tofauti: barua zinakaa kulekule kwenye seva, wewe unazisoma tu kwa dirishani, na ukibadilisha kompyuta unazikuta palepale.

Umeona sasa? Barua za karibu miaka minane, za wateja, bandari na forodha, hazipo ofisini. Zipo hapa Tandika, juu ya meza ya kulia, kwenye kompyuta yenye Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Fundi alinifungulia folda zilizofichwa akanionyesha: barua zote za Inbox ni faili moja tu, refu, zimeshonwa moja nyuma ya nyingine, gigabaiti 3 na ushee. Nikamuuliza, "Likiharibika?" Akacheka. Sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka 5. Siku TRA wakiomba hati ya mzigo wa juzijuzi tu, wenzako wataitafuta wapi? Na mdogo wako angekuwa ameshajaza michezo ya mpira.

Kompyuta ni yako, uliinunua mtumba Kariakoo kwa fedha yako, hilo sibishani nalo. Barua ni za ofisi. Mambo mawili haya yamelala kitanda kimoja muda mrefu mpaka ukasahau kwamba hawajaoana.

Usinielewe vibaya, sikusemi. Mwaka 1994 mwenzetu mmoja alihamishiwa Mbeya akaondoka na ufunguo wa sanduku la posta la ofisi. Hakuwa na nia mbaya. Ulikuwa kwenye fungu moja na funguo za nyumbani kwake. Wiki tatu sisi tunaona kimya, tunasema labda watu hawaandiki. Sanduku lilipofunguliwa kwa ufunguo wa akiba, barua zilikuwa zimeshindiliwa kama dagaa. Humo ndani ilikuwamo barua inayoniita mafunzo ya utunzaji kumbukumbu, Tabora. Mafunzo yalishaanza siku tisa. Nafasi nyingine niliipata baada ya miaka minne, na wale niliokuwa nao daraja moja walishanipita. Yule bwana tulikuja kukutana msibani, akanikumbatia kwa furaha. Hakujua kitu. Sikumwambia.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi. Kwanza, usiingie kwenye kile kisanduku, hata kama nenosiri bado linakubali. Hawajalibadilisha, huo ni uzembe wao, lakini ufunguo kuzunguka kwenye kitasa si ruhusa ya kuingia. Na usije ukazituma barua zote kwenye anwani yako binafsi "kwa ajili ya kumbukumbu." Najua wengi wanafanya hivyo. Mle ndani kuna namba za TIN za watu, nakala za hati za kusafiria, bei mnazowapa wateja. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na hata isingekuwepo, masijala kwetu aliyechomoa folio, yaani karatasi moja, kwenye jalada akaenda nalo nyumbani hakuitwa mtunza kumbukumbu.

Piga simu kesho asubuhi. Usimpigie rafiki yako wa dawati la pili, mpigie meneja, halafu umwandikie kutoka anwani yako binafsi ili pawe na ushahidi. Mwambie barua za nyuma ziko kwenye mashine yako na unataka kuzikabidhi. Fundi anasema mtu wao wa kompyuta anaweza kufungua akaunti ya IMAP ndani ya Thunderbird hiyohiyo, akaziburuta folda kutoka kwenye mashine zikarudi kwenye seva yao, mradi waongeze nafasi ya kisanduku. Kama nafasi haitoshi, basi wazinakili kwenye diski ya nje, wasaini wamepokea. Mimi nitaibeba kompyuta mwenyewe mpaka ofisini kwao Kurasini, nina muda. Nitakaa hapohapo mpaka waimalize, na saini nitaidai.

Waombe pia kitu kimoja: kisanduku kijibu chenyewe kwamba huna nafasi hiyo tena, na mteja amwandikie nani. Mistari miwili inatosha. Habari za Dodoma na cheo kipya usiziweke humo.

Vya kwako ndani ya mle ni vichache kuliko unavyofikiri: slipu za mshahara, mkataba, barua ya kuthibitishwa kazini, cheti chako cha yale mafunzo ya forodha. Hivyo omba wakutolee, ni haki yako, na slipu utazihitaji siku ukidai michango ya NSSF ya mwezi fulani haionekani. Nilimsindikiza mjomba wako kwenye habari hiyo, nakumbuka alivyohangaika na miezi saba iliyoruka.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi. NSSF, benki na Bodi ya Mikopo, kote huko umeandikisha anwani ipi? Kama ni ya ofisi, basi siku ukisahau nenosiri, ujumbe wa kulibadilisha utakwenda kwenye kisanduku cha mtu mwingine. Badilisha wiki hii. Panapokataa, nenda dirishani na kitambulisho cha NIDA, Dodoma ofisi zao zipo. Bodi ya Mikopo usiichezee, wana asilimia 15 yao ya mshahara wako na wanapaswa kujua mwajiri mpya ni nani.

Na tuliliona nenosiri lako. Usiudhike. Fundi alibofya sehemu ya manenosiri yaliyohifadhiwa na likajitokeza waziwazi, bila kuulizwa chochote. Jina la paka wetu na mwaka uliomaliza darasa la saba! Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka, maana ungeiuza ile mashine Kariakoo, mnunuzi angekuwa nalo kabla hajafika Msimbazi. Kama umelitumia na huko kwingine, libadilishe kote.

Kuhusu kufuta, hilo litakuwa la mwisho kabisa, baada ya saini. Kumbe hata barua ulizozifuta miaka yote hii nyingine bado zimo. Thunderbird inaiwekea alama tu isionekane, mpaka uiambie ibane folda ndipo inaiondoa kweli. Sawa na sisi tulivyokuwa tunakata folio kwa kalamu nyekundu, nalo linabaki jaladani linasomeka vizuri tu. Kwa hiyo fundi ataipitishia diski nzima maandishi matupu juu ya yale ya zamani, kisha atamwekea mdogo wako Linux badala ya Windows, anasema kwa umri wa mashine ile itakuwa nyepesi zaidi. Mdogo wako ameridhika nusu.

Kwa sasa nimeizima, nimeifunga kwenye khanga ya mama yako, ipo juu ya kabati. Barua sijasoma hata moja, nakuapia. Lakini vichwa vya habari vinajionyesha vyenyewe, huwezi kufumba macho. Kuna mteja mmoja ameandika mara tano. Ya kwanza inaanza na salamu ndefu na kukuulizia hali. Ya tano imeandikwa kwa herufi kubwa tupu: KONTENA BADO LIKO BANDARINI, TOZO INAPANDA KILA SIKU, DADA MBONA KIMYA. Ni ya Jumanne. Ukimpigia meneja, anza na huyo, kabla hujamweleza mengine yote.

Mama yako anasema usisahau zabibu.

Baba yako