Kompresheni ya Mbeya isipimwe kwa namba za pwani

Mhariri,

Inauma kuona injini ya gari la zamani inayomisi (silinda moja au zaidi haichomi sawasawa) ikifunguliwa kwa sababu tu geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, imesoma chini ya namba ya kitabu cha gari. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na ubovu inayosoma paundi 170 kwa inchi ya mraba Dar es Salaam, pwani, hapa husoma karibu 140.

Mafundi wenzangu, linganisheni silinda kwa silinda: injini ya moto, plagi zote nje, akseleta hadi mwisho. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, tieni kijiko cha oili humo mpime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda ni valvu, au gasketi ya silinda hedi, hasa mbili jirani zikishuka pamoja. Zote zikilingana, kagueni plagi na koili kwanza.

Mwenye gari, dai kuonyeshwa namba hizo kabla ya kulipia ovaholi, yaani kufungua na kutengeneza injini yote.

Fundi magari,
Mbeya